Mrehani Wakati wa Theluji

Mazungumzo ya leo ni ya watu wa kwetu wanaoishi kwenye nchi za theluji, lakini wewe uliyeko Tanga au Lamu usizime redio. Huenda ndiwe unayepigiwa simu kila Desemba na binti yako aliyeko Toronto, analalamika kwamba mrehani umekauka.

Simu hizo huwa na maneno yale yale: mama, baridi imeniulia mrehani wangu. Mimi nasema baridi inasingiziwa. Mrehani ulioko ndani ya nyumba ya Toronto hauna habari kama nje kuna theluji. Humo ndani hita inaunguruma mchana na usiku, na joto ni nyuzi 21. Mwezi wa Julai Nairobi watu wanavaa makoti, usiku joto linashuka hadi nyuzi 12 na pengine chini yake, na mirehani ya Nairobi inaishi. Kwa hiyo tumtafute muuaji kwingine. Muuaji ni giza, na msaidizi wake ni maji.

Tuanze na giza. Tarehe 21 Desemba jua la Unguja linakaa angani kwa saa 12 na nusu, na adhuhuri limekaribia utosi. Siku hiyo hiyo Toronto inapata mchana wa saa 9 kasoro dakika chache, London haifikishi saa 8, na Oslo hata saa 6 hazitimii. Tena ufupi wa mchana si hasara yote. Adhuhuri ya Oslo, jua linapofika juu kabisa ya uwezo wake, liko nyuzi 7 hivi kutoka upeo wa macho. Kwa jua la Unguja huko ni nusu saa tu baada ya kuchomoza. Sasa nani kwetu angekubali kukodi shamba ambalo kutwa nzima linapata jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tena siku nyingi nyuma ya mawingu? Ndilo shamba unalompa mrehani wako.

Wengi wetu tunaponzwa na macho. Jicho hujirekebisha: mwanga ukipungua mboni inafunguka, na sebule yenye balbu mbili unaiona imeng'aa vizuri. Kipimo hakidanganyiki. Jua kali la adhuhuri kwetu linafika laksi 100,000. Ukutani mwa sebule, jioni, ni laksi mia mbili hivi. Kwenye kizingiti cha dirisha, siku ya mawingu ya Januari, ukipata 1,000 shukuru. Yaani hata pale unapodhani umeuweka mrehani kwenye mwanga, umeupunguzia riziki yake mara mia. Simu nyingi za kisasa zina uwezo wa kupima laksi kwa programu ya bure. Pima, utashangaa jinsi mwanga unavyoporomoka kwa hatua mbili tu kutoka kwenye kioo.

Na je, ni dirisha gani? Sisi watu wa karibu na ikweta hatuna mazoea ya kuuliza nyumba inatazama wapi, kwa sababu jua letu linahama: Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini, kila ukuta unapata zamu yake. Huko ng'ambo ya kaskazini jua la adhuhuri haliondoki upande wa kusini mwaka mzima. Kwa hiyo dirisha la kusini ndilo la kugombea. La mashariki au magharibi ni la kujitahidi. La kaskazini liwekee miavuli.

Hapo utaniuliza: mbona jirani yangu Mjerumani ana maua dirishani tangu Januari hadi Desemba, na wala hana taa wala dirisha la kusini? Mtazame vizuri huyo jirani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ua analojivunia ni la kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao mmea mdogo wenye maua ya zambarau alioupata upande wa Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauandika katika vitabu vya sayansi kwa jina la huyo ofisa, Saintpaulia. Wajerumani hadi leo wanauita urujuani wa Usambara, na umekaa kwenye madirisha ya dunia nzima, kutoka Moscow hadi Chicago. Kwa nini unaishi pale ambapo mrehani unakufa? Kwa sababu kwao ni kwenye kivuli cha msitu, kwenye miamba yenye ukungu, ambako jua halishuki ila vipande vipande. Sebule ya Berlin haikuubadilishia sana maisha. Ukichunguza mimea mingi ya ndani inayouzwa huko, utaona asili yake ni chini ya miti mikubwa ya misitu ya joto.

Mrehani, mchaichai, kivumbasha, hii si mimea ya kivulini. Ni mimea ya uwanjani, ya kando ya kisima, ya jua la kuchoma. Ukiileta ndani lazima uiletee na jua.

Na jua siku hizi linauzwa dukani kwa bei nafuu. Huhitaji zile taa za zambarau zinazomfanya kila mgeni aulize kulikoni. Taa nyeupe ya LED, wati 20 hivi, inatosha chungu viwili au vitatu. Siri iko kwenye umbali. Iwe sentimita 25 hadi 30 juu ya majani, si kule darini. Balbu ukiipandisha hadi mita moja juu ya majani, mwanga unaofika kwenye jani unapungua zaidi ya mara kumi, na hapo unawasha taa kwa ajili ya zulia. Iwake saa 14 kwa siku, kisha izimwe, mmea nao ulale. Swichi yenye saa ndani yake itakufanyia kazi hiyo hata ukiwa zamu ya usiku. Gharama? Wati 20 kwa saa 14 ni uniti 0.28 kwa siku, kwa mwezi uniti 8 na kidogo. Zidisha mwenyewe kwa bei ya umeme ya mji wako, halafu linganisha na bei ya kile kifurushi cha plastiki chenye majani manane ya mrehani kwenye duka kubwa.

Sasa maji. Hapa ndipo huruma inapoua. Mmea usiopata mwanga haukui, na usiokua haunywi. Lakini mwenyewe, akipita na birika kila asubuhi, anamimina tu kama alivyofanya Julai. Udongo unabaki tope, hewa inakosekana kwenye mizizi, mizizi inaoza. Mizizi ikioza mmea hauwezi tena kuvuta maji, majani yananyauka, na mtu akiona majani yamenyauka anafanya nini? Anaongeza maji. Dalili ya mapema ni visubi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo. Ukiviona, umekwisha zidisha. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili: kukiwa na unyevu, weka birika chini. Au nyanyua chungu, baada ya wiki mbili mkono wako utajua tofauti ya uzito wa kikavu na cha maji. Yale maji ya bomba yaliyo baridi kama barafu yaache jikoni kwanza yapoe, nina maana yapate joto la chumba. Na kisahani cha chini kimwagwe. Mrehani haupendi kusimama kwenye dimbwi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani halitegemei, nalo ni ukavu wa hewa. Hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi. Inapoingia ndani na kupashwa joto na hita, mvuke ni ule ule mdogo, kwa hiyo unyevu wa chumba unashuka hadi asilimia 30 au 20. Pwani yetu mara nyingi uko juu ya 70. Ndiyo maana ngozi inapasuka na pua inauma. Mchaichai nao unakauka ncha, lakini huo ni uzuri tu unaopotea. Hatari ya kweli ni utitiri, wadudu wadogo kama vumbi, wanaokaa chini ya jani na kusuka utando mwembamba. Joto na ukavu ndiyo sikukuu yao. Jani linaanza kuwa na vidoa vidogo vilivyopauka, kisha linageuka rangi ya shaba. Wengi wanashauri kunyunyizia majani maji kwa chupa. Sioni faida yake kubwa, kwani baada ya dakika chache hewa imerudi ilivyokuwa. Bora mara moja kwa wiki uupeleke mmea bafuni, uinamishe, uuogeshe kwa maji ya vuguvugu, hasa chini ya majani. Utitiri ukiwa umeshaingia, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, pulizia chini ya majani, rudia baada ya siku chache, na suuza vizuri kabla ya kuchuma kwa ajili ya chungu cha mchuzi. Vyungu vikisogezwa pamoja, mbali na hita, navyo vinapeana unyevu kidogo.

Nilisema baridi inasingiziwa, lakini haina usafi kamili. Usiku ule ukanda kati ya pazia na kioo unakuwa baridi kuliko chumba kwa nyuzi nyingi. Mrehani ukikaa chini ya nyuzi 10 majani yake yanageuka meusi, na ukigusana na kioo chenye barafu jani linaungua palepale. Jua likizama, ulete upande wa ndani wa pazia. Basi.

Mchaichai una tabia tofauti kabisa, na kwangu ndio mmea wa kuanzia kwa mtu yeyote. Hauhitaji mbegu, na kwa kawaida hata hautoi maua. Kwetu unapandwa kwa kugawa shina, kama mababu walivyofanya. Huko ugenini nenda duka la Wahindi, Wavietinamu au Wathai, chagua mabua ambayo kitako chake hakijakatwa sana, yasimamishe kwenye glasi yenye maji ya kina cha vidole viwili. Mengine yataoza, mengine ndani ya wiki mbili au tatu yatatoa mizizi myeupe. Hayo panda. Majira ya joto uweke nje ulipuke. Kabla baridi ya kwanza ya kugandisha haijaanguka, ung'oe, ugawe, ukate majani ubakize sentimita 15 hivi, uuingize ndani kwenye chungu. Hapo una njia mbili. Ukiwa na taa, uache uendelee kukua na unywe chai yako. Ukiwa huna taa, ulaze: chumba chenye ubaridi wa nyuzi 8 hadi 12, mwanga kiasi, maji kidogo tu kila baada ya wiki mbili tatu ili mizizi isife. Utaonekana kama fagio lililosahauliwa. Usiutupe. Machi uuamshe kwa maji na mwanga, na katikati ya Mei urudi nje, ila polepole, siku kumi hivi za kuuzoesha, kivulini kwanza, maana majani yaliyokulia sebuleni jua la ghafla linayababua.

Majani yaliyokatwa wakati wa kuung'oa usiyatupe pia. Yafunge mafundo, yagandishe kwenye friza. Chai ya mchaichai wa friza ni chai kamili, kwani harufu yake imefungiwa ndani ya jani na haitoki mpaka ulivunje au ulichemshe. Mrehani sivyo. Mafuta yake yanakaa kwenye vijifuko vidogo juu ya ngozi ya jani, ndiyo maana ukiupapasa tu chumba kizima kinajua. Mafuta hayo mmea unayatengeneza kwa kutumia mwanga. Mrehani wa gizani, hata ukipona, unanukia nyasi. Watu wanalaumu mbegu, wanasema mrehani wa Ulaya hauna harufu. Mbegu ina sehemu yake, kwa kweli: ule wa Kiitaliano unaouzwa madukani una utamu fulani usio wa kwetu. Ule wa Thailand, wenye shina la zambarau, pua ya mtu wa Mombasa itauelewa zaidi. Lakini hata huo bila mwanga ni jina tu.

Ukinunua chungu kilichokwisha ota kwenye duka kubwa, jua kwamba umenunua msongamano. Humo kuna miche ishirini au zaidi imebanana ili ionekane kichaka siku ya kuuzwa. Ndani ya wiki mbili inanyang'anyana na kufa. Ukifika nyumbani igawe, mitano mitano kwa kila chungu, na ile iliyobaki kula. Baadaye kata vikonyo vya urefu wa kidole chini ya kifundo, tia kwenye maji, vitatoa mizizi kwa wiki moja au mbili, na kwa njia hiyo hutanunua tena. Kwa matumizi ya jikoni kata vichwa kabla ya kuchanua.

Kivumbasha, ambacho ndugu zetu wa Kongo wanakiita lumba-lumba, ni kigumu zaidi kuliko mrehani, kina shina la mti na kinasamehe usahaulifu. Harufu yake inakumbusha karafuu kwa sababu halisi: mafuta yake na ya karafuu yana kemikali moja, yujinoli. Kwa mtu wa Pemba aliyeko Minnesota hilo si jambo dogo. Tangawizi na manjano, hayo yaache yalale kwenye udongo wake bila maji tangu majani yanapokuwa ya njano mpaka Februari au Machi. Usishindane nayo.

Nimeulizwa pia kuhusu kubeba miche kwenye sanduku kutoka nyumbani. Usibebe. Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2019 unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea hai unaoingia, Marekani nayo inadai chake, na maofisa wa uwanja wa ndege hawataki kusikia habari za bibi yako. Majani ya mchuzi ndiyo yenye balaa kubwa zaidi, yale wanayotumia Wahindi na Waswahili kwenye mchuzi wa nazi. Mti wake ni wa ukoo mmoja na michungwa, na unamlea mdudu anayesambaza ugonjwa ulioonekana Florida mwaka 2005 na tangu hapo umeangamiza mashamba ya machungwa ya jimbo hilo. Kwa hiyo ukikamatwa na tawi moja usidhani unaonewa. Tafuta mche ulioidhinishwa kwenye kitalu cha huko huko. Na ukipukutisha majani Januari, upunguzie maji na usubiri. Ndivyo ulivyo.

Sasa niwafikie akina mama na akina dada wanaotaka kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia. Mkadi na mlangilangi tusahau, hiyo ni miti. Asumini inawezekana kwenye chungu, lakini majira ya baridi inapumzika, na utitiri unaipenda kuliko mmea wowote niliotaja. Iweke mahali pa ubaridi kidogo penye mwanga mwingi, ngojea maua ya Mei na Juni. Harusi ya Februari usiiahidi asumini.

Na Februari inakuja na mambo yake, kwa sababu mwezi mwandamo unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na Ramadhani imeshaingia kwenye majira ya baridi ya kaskazini. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Idi ya kwanza ya mwaka huo itakuwa mwanzoni mwa Februari, theluji ikiwa magotini. Anayetaka kunukia Idi hiyo ahesabu kurudi nyuma. Vikonyo vya mrehani viingie kwenye maji mwishoni mwa Novemba, vipandwe kabla ya katikati ya Desemba, vikae chini ya taa wiki sita au saba, na safari hii usivikate vichwa, kwani kikuba kinataka mashada yaliyochanua. Ongeza majani ya kivumbasha. Waridi utalipata dukani, na huko Ulaya kuna uwezekano mzuri kwamba limetoka Naivasha. Litakupa rangi tu, maana mawaridi ya kusafirishwa yanachaguliwa kwa kudumu siku nyingi kwenye chombo, na mengi harufu hayana. Harufu utaitegemea kwenye chungu chako. Mrehani uchume asubuhi ya siku yenyewe, usimamishe kwenye glasi ya maji mezani, wala usiuingize kwenye friji. Humo ndimo baridi itakapouua kweli, na kufikia wakati wa kuvaa utakuwa mweusi.